Mfalme wa Nyuki Alikuwa Mama

Warina asali wajua kwamba katika kila mzinga yumo nyuki mmoja mkubwa kuliko wenzake, ambaye wote humzunguka na kumtunza. Akihama, wengi huhama pamoja naye. Akifa, wasipate mwingine wa kushika mahali pake, mzinga hudhoofika hata ukabaki mtupu. Watu wa kale waliyajua mambo hayo vizuri. Aristotle, mwenye hekima mkuu wa Wayunani, aliyeishi tangu mwaka 384 hata mwaka 322 kabla ya Kristo, aliandika habari nyingi za nyuki, na nyingi katika hizo ni za kweli. Lakini nyuki yule mkubwa alimwita mfalme.

Wala hakukosa hoja. Alipochunguza kama nyuki wa kazi waweza kuwa majike, alijibu kwamba haielekei, kwa sababu wana mwiba. Nayo maumbile, kadiri ya mawazo yake, hayampi jike silaha ya kupigania. Basi mwenye silaha asiweze kuwa jike, na mwenye kuongoza aitwe mfalme. Hivyo ndivyo yalivyokuwa mawazo ya watu wa zama zake, naye aliyakuta tena ndani ya mzinga.

Neno hilo lilidumu karibu miaka 2000. Mwaka 1586 Mhispania mmoja, Luis Méndez de Torres, aliandika kwamba huyo mkubwa ni jike, na kwamba ndiye atagaye mayai. Mwaka 1609 Charles Butler, Mwingereza, alichapisha kitabu kizima cha kuonyesha kwamba dola ya nyuki yatawaliwa na mwanamke. Baadaye katika karne hiyo, Jan Swammerdam, Mholanzi, alimpasua nyuki huyo akamtazama kwa hadubini, yaani chombo cha kukuza vitu vidogo, akakuta ndani yake mayai. Mfalme alikuwa mama wa mzinga wote. Nyuki wa kazi, wenye mwiba, nao ni majike. Na madume hawana mwiba kabisa.

Je, ni nini kilichowafumba watu macho muda mrefu hivyo? Mizinga haikufichwa. Macho yao yalikuwa mazima. Twasema: Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini hapa ilibidi waambiwe, kwani jibu lilikuwa limekwisha kutolewa kabla ya swali kuulizwa.

ANAYEJUA NI NANI?

Wasomaji wapenzi, tangu zamani, shuleni na katika vitabu, tumezoea kuwaza kwamba elimu ni kama kioo. Mwenye elimu husimama mbele ya vitu, vitu huonekana katika akili yake jinsi vilivyo, naye huviandika. Kama ni mwanamume au mwanamke, tajiri au maskini, mwenyeji au mgeni, hayo si kitu. Huyaacha nje, kama vile mkulima aachavyo jembe barazani akirudi kutoka shambani.

Mawazo hayo yana wema wake, maana yamfundisha mchunguzi asifuate mapendeleo yake. Lakini tangu miaka ya 1970, wanawake wengi wenye elimu, hasa wa Marekani na Ulaya, walianza kuyapima upya. Watu hao huitwa wafeministi, yaani watetezi wa haki na heshima ya wanawake. Kwanza wanawake walikuwa wamedai kura, mshahara wa haki na nafasi ya kusoma. Walipokwisha kuingia katika vyuo vikuu, wakauliza swali gumu zaidi: elimu hii tuliyoikuta humu, ni nani aliyeiuliza maswali yake? Ni nani aliyetazamwa, na ni nani aliyeachwa?

Sandra Harding, mwalimu wa falsafa wa Marekani, alitoa kitabu juu ya swali hilo mwaka 1986. Mwaka 1988 mwenzake Donna Haraway aliandika kwamba kila ajuaye, ajua kutoka mahali fulani aliposimama. Kuviona vyote bila kusimama mahali popote si kazi ya mwanadamu. Mungu peke yake ndiye aonaye hivyo, na mtu anayejidai kuona namna hiyo amejivika vazi lisilo lake. Wazee wetu hawakungoja falsafa ili kulijua neno hilo. Walisema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tena walisema: Uchungu wa mwana aujua mzazi. Yaani kuna mambo ambayo mtu huyaona upesi kwa sababu ya mahali alipo, na mengine humpita kwa sababu iyo hiyo.

Lakini maneno matupu hayavunji mfupa. Tuuchukue mfano mmoja na kuufuata mpaka mwisho. Mfano wenyewe si wa mbali: ni habari ya nyani na wanyama wenzake wa Afrika, na ya watu waliokuja kuwachunguza.

KILIMA CHA NYANI CHA LONDON

Mwaka 1925, katika bustani ya wanyama ya London, kilifunguliwa kilima cha mawe kilichojengwa ili nyani wakae juu yake mbele ya watazamaji. Waliletwa nyani karibu 100 wa aina ile ikaayo nchi za Ethiopia, Somalia na Uarabuni. Karibu wote walikuwa madume. Mwaka 1927 wakaongezwa majike 30. Madume wakapigana vikali kwa ajili yao, na katika kugombaniwa na kuvutwa huku na huku, wengi wa majike hao waliuawa, wala kwa shida watoto walipona.

Mtu mmoja mwenye elimu, Solly Zuckerman, mzaliwa wa Afrika ya Kusini, aliandika habari za nyani wale kwa uangalifu mwingi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1932, kikasomwa pote. Humo wasomaji walijifunza kwamba maisha ya nyani hushikwa na nguvu ya madume: dume mwenye nguvu hutawala, majike ni mali ya kugombaniwa.

Yote aliyoyaona yalikuwa yametokea kweli, hakuyatunga. Lakini fikirini: tukiwafungia watu mia ndani ya ua mdogo, karibu wote wanaume wasiojuana, kisha tukaandika mapigano yao, je, tungesema kwamba tumeandika desturi za kijiji? Tungekuwa tumeandika desturi za gereza.

Baada ya vita kuu ya pili, wachunguzi waliona kwamba yafaa kuwafuata wanyama porini kwao. Sherwood Washburn na Irven DeVore, Wamarekani, waliwatazama nyani wa nyika za Kenya mwaka 1959. Mwaka 1961 walichapisha picha iliyopata kuwa mashuhuri: kundi la nyani likisafiri kama jeshi, mama na watoto katikati, madume wakubwa karibu nao ili kuwalinda, na madume vijana pembeni. Kadiri ya mawazo yao, madume na vyeo vyao ndio waliokuwa uti wa mgongo wa kundi.

Hapo twapaswa kusimama kidogo, maana neno hili halikuwa la nyani tu. Wachunguzi hao waliwatafuta nyani kwa sababu nyani huishi nyikani, mahali ambapo wahenga wa kwanza wa wanadamu nao waliishi. Wakadhani kwamba katika nyani wataona kivuli cha familia ya kwanza ya watu. Kwa hiyo kilichosemwa juu ya dume na jike kilipita upesi mpaka kwa baba na mama. Watu wengi wakasema: ndivyo maumbile yalivyopanga, huyu atawale, yule afuate. Elimu ilikuwa imepewa kazi ya kuhukumu mambo ya nyumbani, na shahidi wake alikuwa ametazamwa nusu tu.

KUNDI LA ISHASHA

Mto Ishasha ndio mpaka wa Uganda na Kongo. Ng'ambo yake ya magharibi ni mbuga yetu ya Virunga. Huko, katika msitu ulio kando ya mto upande wa Uganda, mwanamke mmoja Mwingereza, Thelma Rowell, aliwafuata nyani katika miaka ya 1960. Alikuwa amesoma elimu ya wanyama kwao Uingereza, naye alizoea kuwatunza nyani waliofungwa pia. Habari zake za nyani wa Ishasha zilichapishwa mwaka 1966.

Alikuta nini? Hatari ilipotokea, hakuona jeshi. Kundi zima lilikimbia, kila mmoja kadiri ya miguu yake. Madume, wenye miguu mirefu, walitangulia kufika mitini, na mama waliobeba watoto walikuja nyuma. Ule utawala wa madume, wenye vyeo vya kupandiana, haukuonekana sana porini. Katika vizimba ulionekana wazi, kwa kuwa huko chakula huwekwa mahali pamoja na hakuna njia ya kumkwepa mgomvi. Mchana kundi lilipoamua njia ya kushika, mara nyingi majike wazee ndio waliofuatwa.

Tena aliona jambo ambalo halikuandikwa sana kabla yake: madume walikuwa wakihama kutoka kundi moja mpaka jingine. Dume aliyeonekana kuwa mkubwa hapa mwaka huu, mwaka kesho yupo kwa jirani. Waliobaki ni majike, mama na mabinti zao na wajukuu, wakikaa katika kundi walimozaliwa na kuijua nchi yao. Basi uti wa mgongo ulikuwa upande mwingine.

Wengine walijibu kwamba nyani wa msituni si sawa na nyani wa nyika. Jibu hilo lilikuwa na maana yake, kwani mahali hubadili desturi. Lakini nyika nazo zilikuwa zikichunguzwa upya.

KILA MMOJA KWA ZAMU YAKE

Chini ya mlima Kilimanjaro, upande wa Kenya, pana nyika ya Amboseli. Huko Jeanne Altmann, Mmarekani aliyesoma hesabu, alianza kuwatazama nyani pamoja na mumewe Stuart mwaka 1963. Na tangu mwaka 1971 nyani wa Amboseli wamefuatwa mfululizo, kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1974 mama huyo alichapisha maandiko ambayo hayakusema karibu neno lolote juu ya wanawake, lakini yaligeuza namna ya kuwatazama wanyama duniani kote. Maandiko yale yalihusu swali moja tu: je, mchunguzi amtazame nani, na kwa muda gani?

Zamani mchunguzi alikaa mbele ya kundi akaandika kile kilichovuta macho yake. Sasa, ni nini kivutacho macho? Mapigano, makelele, dume kubwa lenye manyoya mengi na meno marefu. Mama anayenyonyesha huku akichimba mizizi havuti macho. Basi jioni daftari limejaa madume, na mchunguzi asema kwa moyo safi: madume ndio wafanyao mambo makubwa. Hakusema uongo. Lakini daftari lake lilikuwa kama mzani wenye jiwe limefichwa chini ya sahani moja.

Altmann alionyesha, kwa njia ya hesabu, jinsi ya kuliondoa jiwe hilo. Mchunguzi apange mapema orodha ya wanyama wote. Amfuate kila mmoja kwa zamu yake, dakika zile zile, awe anapigana, anakula au amelala. Aandike yote ayatendayo. Akikwisha, ahamie kwa yule anayefuata katika orodha, hata kama jirani kuna vita. Ni kanuni nyepesi kueleza na ngumu kushika. Wachunguzi wa wanyama wameipokea karibu pote, wanaume kwa wanawake.

Walipoishika, mambo yaliyokuwa kandoni yakatokea mbele. Mwaka 1980 Altmann alitoa kitabu juu ya mama nyani na watoto wao. Mama hao walionekana wana kazi mbili kwa siku moja: kujitafutia chakula muda mwingi wa mchana, na papo hapo kumbeba, kumnyonyesha na kumlinda mtoto. Wachunguzi wakafahamu kwamba maisha au kufa kwa kundi hutegemea kazi hiyo isiyo na makelele. Na mwaka 2003, kutokana na madaftari ya miaka mingi ya Amboseli, ilichapishwa kwamba mama walio na urafiki mwema na wenzao hufanikiwa zaidi kuwalea watoto wao mpaka wakapona. Urafiki wa majike, ambao zamani haukuandikwa hata mstari, ulionekana kuwa nguzo ya uzima.

Angalieni vema neno hili, kwa maana ndilo kiini cha mafundisho yote. Watu wengi hudhani kwamba swali la wafeministi laidhoofisha elimu, kana kwamba wanataka kuweka huruma mahali pa ukweli. Hapa twaona kinyume chake. Kanuni mpya ni kali kuliko ile ya zamani. Harding naye alifundisha hivyo: aliyeachwa pembeni akitazamwa sawasawa, na mtazamaji mwenyewe akikubali kupimwa pamoja na kile anachokitazama, ukweli hupata nguvu zaidi.

JE, NI MACHO YA WANAWAKE TU?

Pengine mtu atauliza: basi, wanawake huona vizuri kuliko wanaume? La. Kumbukeni kwamba Butler na Swammerdam, waliomtambua mama wa mzinga, walikuwa wanaume. Wala si kila mwanamke aliyechunguza nyani alijiita mfeministi.

Tazameni tena Wajapani. Tangu miaka ya 1950, wachunguzi wa Japani, karibu wote wanaume, waliwapa kima wa nchi yao majina, wakaandika nani ni mama wa nani. Mwaka 1958 walikwisha kuchapisha kwamba cheo cha mtoto hufuata cheo cha mama yake. Katika kisiwa cha Koshima, mwaka 1953, walimwona kima mmoja jike, mdogo bado, waliyemwita Imo, akichukua kiazi kitamu chenye mchanga na kukiosha majini. Wenzake wa rika lake wakamwiga. Mama yake akamwiga. Polepole desturi ikaenea. Madume wazima karibu wote hawakujifunza kamwe. Kama wachunguzi wangewatazama wakubwa tu, wangeandika kwamba kima wa Koshima hawaoshi viazi.

Kwa hiyo si jinsia peke yake ifumbuayo macho, bali mahali mtu aliposimama na maswali aliyozoezwa kuuliza. Mjapani alitoka katika shule nyingine ya mawazo. Mwanamke wa Ulaya alitoka katika upande mwingine wa nyumba. Wote wawili waliona ambacho wengine walikipita. Ndiyo sababu elimu yahitaji watu wa namna nyingi.

Wafeministi wenyewe walionywa kwa kipimo hicho hicho. Mwaka 1990 Patricia Hill Collins, mwanamke mweusi wa Marekani, alionyesha kwamba wanawake weupe walikuwa wakisema "sisi wanawake" huku maisha ya wanawake weusi yakiwa nje ya vitabu vyao. Mwaka 1997 Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, binti wa Nigeria, aliandika kwamba kati ya Wayoruba wa zamani umri ndio uliopanga watu, kuliko kuwa mume au mke. Na kwamba anayekuja na maswali ya Ulaya ataona Ulaya hata mahali isipokuwapo. Jambo hilo twaweza kulifahamu kwa urahisi. Kiswahili chasema "yeye" kwa baba na kwa mama. Kifaransa hudai kwanza tuseme kama ni mume au mke. Lugha mbili, na kila moja yamlazimisha msemaji aangalie kitu tofauti.

Je, tuseme basi kwamba hakuna ukweli, kila mtu na wake? Hasha. Anayeutazama mlima Nyiragongo kutoka Goma na anayeutazama kutoka Kibumba hawaoni ubavu mmoja. Lakini mlima ni mmoja, na moto wake ni mmoja. Yule wa Goma akisema kwamba hakuna ubavu mwingine, amekosa. Wakikaa pamoja na kulinganisha waliyoyaona, wataujua mlima kuliko mmoja wao peke yake.

WANYAMA WA MISITU YETU

Kongo yenyewe ina shahidi wake katika jambo hili. Kusini mwa mto mkubwa, na mahali pengine popote duniani hapana, huishi bonobo, ndugu wa sokwe mtu. Wenyeji wa msitu walimjua tangu zamani. Lakini wenye elimu wa Ulaya walimtambua mwaka 1929 tu, Ernst Schwarz alipolitazama fuvu lililokuwa limewekwa katika nyumba ya makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Tangu miaka ya 1970 Wajapani, wakiongozwa na Takayoshi Kano na kusaidiwa na wenyeji, wamewafuata bonobo wa Wamba.

Kati ya bonobo, jike ni mdogo kuliko dume kwa mwili, lakini majike hushirikiana, na dume akitaka kumwonea mmoja hukutana na wengi. Kijana dume hupata cheo kwa msaada wa mama yake. Na majike hao si ndugu, maana binti akikua huhamia kundi jingine. Urafiki wao huufanya wenyewe.

Tusikimbilie sasa kusema kwamba bonobo ndio wafundishao jinsi nyumba ya watu ipaswavyo kuwa. Hilo lingekuwa kosa lile lile la nyani, limegeuzwa upande. Mwanadamu ana akili na dhamiri. Hapewi amri zake na wanyama. Lakini twaweza kusema hivi: aliyetangaza kwamba maumbile yana sheria moja tu ya dume na jike, alitangaza kabla hajafika Wamba.

MBEGU ZA MAHARAGWE

Labda msomaji atasema: haya ni mambo ya wachunguzi wa porini, yanihusu nini mimi mwenye shamba na watoto? Sikilizeni basi habari ya Rwanda.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, kituo cha serikali cha uchunguzi wa kilimo huko Rwanda kilikuwa kikitafuta mbegu bora za maharagwe. Desturi ilikuwa kwamba wenye elimu huchagua kituoni, kisha huwapelekea wakulima zile walizozipenda. Nyingi hazikudumu mashambani. Ndipo mtaalamu mmoja, Louise Sperling, na wenzake walipofanya jambo lisilokuwa la kawaida: waliwaita kituoni wanawake wakulima, waliojulikana vijijini mwao kuwa mabingwa wa maharagwe, wazitazame mbegu zingali shambani, wachague wenyewe.

Wanawake wale hawakutazama wingi wa mavuno tu. Waliuliza: je, maharagwe haya yatastahimili kivuli cha migomba? Yatazaa katika udongo uliochoka? Majani yake yalika? Huiva upesi, au yatamaliza kuni? Maana walikuwa wamezoea kupanda mchanganyiko wa mbegu nyingi pamoja, kila moja na kazi yake, na walijua ipi yafaa shamba lipi. Walizozichagua wao zilifanikiwa katika mashamba yao kuliko zile zilizochaguliwa na wenye elimu peke yao.

Ujuzi ule ulikuwapo siku zote. Haukuwa umefichwa, kama vile mizinga haikufichwa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza. Mwaka 2007 Miranda Fricker, mwalimu wa falsafa wa Uingereza, aliandika kitabu juu ya jambo hilo akaliita dhuluma: kumnyima mtu imani inayostahili maneno yake, si kwa sababu amesema vibaya, bali kwa sababu ya jinsi alivyo. Aliyedhulumiwa hivyo huumia. Tena mwenye kumdhulumu hupata hasara, kwani amejinyima alichokuwa akikihitaji. Wakulima wa Rwanda wangeendelea kuletewa mbegu zisizowafaa, na wenye kuzichagua wangeendelea kushangaa kwa nini wakulima hawazitaki.

NASI JE?

Bwana shamba akifika kijijini, mara nyingi humwuliza mwenye nyumba habari za mbegu, naye mwenye nyumba hujibu kwa sauti kubwa, hali mkewe, aliyezianika, aliyezichagua na kuzitia katika chungu juu ya moshi, amekaa kimya karibu na meko. Mwuguzi humwuliza baba tangu lini mtoto ana homa, hali aliyemshika usiku kucha ni mama. Katika baraza la kijiji, kisima huchimbwa mahali walipopachagua watu wasiochota maji. Haya si maovu ya makusudi. Ni madaftari yaliyoandikwa bila zamu.

Enyi wazazi, msomeshe binti hesabu na elimu ya viumbe kama kaka yake. Mfanye hivyo kwa ajili ya haki yake kwanza. Lakini jueni pia kwamba kuna maswali ambayo hayataulizwa kama yeye hayupo. Enyi wanafunzi wavulana, dada yenu akisema neno darasani, msicheke kabla hajamaliza. Enyi wasichana, msiliache swali lenu kwa sababu hamkulikuta kitabuni. Huenda hamkulikuta kwa sababu mwandishi hakusimama mliposimama ninyi. Lipimeni, lihesabuni, lileteni pamoja na ushahidi wake, kama alivyofanya Altmann na daftari lake.

Nasi walimu tunapofundisha kwamba jambo fulani lajulikana, na tuzoee kuongeza maswali mawili madogo: limejulikana kwa kumtazama nani, na nani hajaulizwa bado? Maswali hayo hayatauangusha ukweli hata mmoja. Yataangusha tu wafalme wasiokuwapo.